Kabla hujaikabidhi benki nyumba yako

Pole sana, ndugu. Umesema umeshindwa kulipa marejesho ya miezi minne, notisi ya mnada imefika, na unauliza kama ukiwakabidhi benki nyumba mambo yataisha. Inawezekana, ila benki hailazimiki kuipokea. Kama nyumba imewekwa rehani kwa mkopeshaji mwingine pia, huenda wakakataa kabisa.

Kinachonitia hofu zaidi ni deni linalobaki. Nyumba ikithaminiwa chini ya deni, ile tofauti inaweza kukufuata hata baada ya kutoa funguo. Kwenye mkataba wa makabidhiano tafuta sentensi inayosema wazi kwamba makabidhiano yanamaliza deni lote. Ikiwa imeandikwa "yatapunguza deni", tafadhali usitie sahihi. Ahadi ya mdomo ya afisa mikopo haitakulinda. Mpe wakili asome kwanza, na umuulize kuhusu kodi, kwani kuna nchi ambako deni lililosamehewa huhesabiwa kama kipato.

Mimi ningeanza kwa kuomba muda wa kuuza mwenyewe. Mnunuzi uliyempata bila haraka ya mnada kwa kawaida hutoa bei nzuri zaidi, na kinachozidi deni ni chako. Ukikabidhi tu, ziada hiyo unaweza kuikosa.

Ukiamua kukabidhi, tarehe ya kuhama iandikwe, piga picha kila chumba, na dai hati ya kupokea funguo. Halafu mazungumzo peke yake hayasimamishi mnada: omba usimamishwe kwa maandishi, leo hii.