Mkono unakakamaa sebene ikishika kasi

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu hapa Busia, upande wa Uganda. Polepole napiga safi, lakini sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea, ikikolea mkono wa kulia unakakamaa na noti zinagongana. Wenzangu pia wanasema solo yangu haina hisia. Nifanyeje?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Anza na piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi. Ncha inayochomoza kidoleni ikizidi milimita 3 hivi, inazama kwenye uzi na mkono unachelewa kurudi. Ifupishe, uilaze kidogo, upige chini-juu, chini-juu bila kukatiza hata unapohama uzi. Pale pa kuhama ndipo wengi wanapojikwaa.

Chagua kipande unachokosea, noti 8 tu. Weka metronomu ya simu, ile programu ya kuhesabu mdundo, kwenye midundo 60 kwa dakika, noti 4 kwa kila mdundo. Ukikipiga mara 5 mfululizo bila kosa, bega likiwa limelegea, ongeza 4. Mkono ukianza kuwa mgumu, acha hapo hapo, urudi nyuma. Vidole vya kushoto visipae mbali na nyuzi. Dakika 20 kila siku zitakufikisha mbali kuliko saa 3 za Jumamosi.

Hiyo hisia mimi naijali kuliko kasi. Imba kipande kwa mdomo kabla ya kukipiga. Ukivuta pumzi, gitaa nalo linyamaze. Halafu jifunze kuvuta uzi, yaani kuusukuma pembeni ili sauti ipande, hadi ifike noti unayoitaka. Kwenye uzi wa pili kutoka ule mwembamba, piga freti ya 10 (freti ni vile vyuma vya shingo ya gitaa), uisikilize vizuri. Rudi freti ya 8, bonyeza kwa kidole cha pete, cha kati na cha shahada vikikisaidia kwa nyuma, kisha sukuma uzi juu kwa kuzungusha kifundo cha mkono hadi upate sauti ile ile ya freti ya 10. Mwanzoni utaishia njiani, na msikilizaji ataona umetoka kwenye tyuni hata kama hajui kwa nini. Ikifika, ishike, ndipo uitikise taratibu. Nyuzi nyembamba, za 009 au 010 (unene wa uzi mwembamba kabisa), zitakurahisishia kazi.

Kwenye sebene yenyewe usivute sana. Pale telezesha kidole, piga noti mbili kwa pamoja, uzirudie hadi wanakwaya waanze kucheza.