Jibu: Modeli moja kubwa, au kadhaa zinazozungumza?

Mkuu, umeuliza kama uweke pampu, mabomba, tangi na programu ya kuviongoza kwenye modeli moja ya kompyuta, yaani mfano wa kuigiza mfumo wa maji. Mimi nasema hapana. Mota hubadilika ndani ya milisekunde, tangi hujaa kwa saa kadhaa. Ukivilazimisha vyote vikokotolewe kwa hatua fupi za muda za mota, kompyuta itakesha.

Chukua maji yanayosukumwa kutoka visima vya Mzakwe kuja Dodoma mjini. Kujua tangi litaisha lini, EPANET, programu ya kukokotoa mtiririko wa maji kwenye mabomba, inatosha, tena ni ya bure. Lakini umeme ukikatika ghafla, wimbi la presha hukimbia kwenye bomba la chuma karibu kilomita 1 kwa sekunde, na EPANET hailioni kabisa! Hapo ndipo mabomba hupasuka. Kipande hicho cha wimbi kijengee modeli yake, mfano kwa OpenModelica (programu ya kuigiza mifumo inayobadilika), ukianzia na presha uliyoipata kwa EPANET. Programu ya kuongoza iunganishe kwa FMI, kiwango cha kuwezesha modeli tofauti kubadilishana data.

Halafu mtandao wa mawasiliano. Ujumbe wa "tangi limejaa" ukichelewa dakika 10, maji yatamwagika hata kama kila modeli peke yake ni sahihi. Uweke ucheleweshaji huo kwenye modeli tangu siku ya kwanza, tafadhali.