Kuhusu "a" na "the"

Mwalimu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa kidato cha pili hawaachi kuandika "I bought book", bila "a" wala "the". Si uvivu. Kiswahili hakina vineno hivyo; "nimenunua kitabu" inatosha, muktadha unamaliza kazi. Ila tofauti yenyewe tunayo, tunaificha kwenye kitenzi. Ukisema "nimekinunua kitabu", msikilizaji anajua ni kile mlichokizungumzia jana. Anzia hapo. Waambie: panapokubali "-ki-", mara nyingi Kiingereza kitataka "the", panapokubali "kimoja hivi", weka "a". Si sheria ya msumeno lakini. Kwa watu tunatia "-m-" hata kwa tusiyemjua ("nimemwona mtu"), kwa hiyo mifano yako iwe ya vitu.

Mtego mkubwa ni "go to school" na "go to the school". Mwanafunzi anayekwenda kusoma hana "the". Mzazi wake aliyeitwa kwa sababu ya ada anayo.

Ah, na "an hour" lakini "a university": kati ya "a" na "an", sikio ndilo linaloamua, si herufi.