Kabla fundi hajaigusa: maswali kuhusu saa za wazee

Safari hii barua nyingi ni za saa za mkononi: zile walizoacha baba na babu zetu, na zile zinazouzwa mezani katika soko la mtaa wetu wa Kenya na kwingineko hapa Lubumbashi. Nimechukua sita.

Baba alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya migodi. Ameniachia Omega ya kujaza kwa mkono. Uso umeingia madoa ya kahawia, ganda lina mikwaruzo. Fundi anasema ataupaka uso rangi upya na kung'arisha ganda, itoke kama mpya. Nikubali? (Katuba)

Usikubali, Papa. Kinachohitaji fundi hapo ni mashine. Mafuta yake yakikaa miaka mingi hukauka, vyuma vinaanza kulana, kwa hiyo kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta ni kazi ya lazima kama unataka kuivaa. Uso wenye madoa haulani na chochote. Ukishapakwa rangi, wino wa kiwandani umekwenda, na anayejua saa atakata bei kabla hajauliza jina la baba yako.

Kwanza ujue ulicho nacho. Isogeze dirishani asubuhi na uazime lupu ya fundi, kile kioo cha kukuzia. Maandishi ya kiwandani ni membamba na kingo zake hazikutapakaa. Yaliyopakwa mtaani huwa manene, herufi zinagusana, jina limevimba. Teremka hadi chini ya namba 6, pembezoni kabisa: panapaswa kuwa na maneno SWISS MADE, madogo sana. Wapaka rangi hupasahau hapo, au huyapandisha juu kupita kiasi. Kisha fuata vistari vya dakika: kila cha tano kiangalie katikati ya alama ya saa iliyobandikwa. Vikienda upande, uso umeshapita mikononi mwa mtu. Na uso unaong'aa kama wa jana ndani ya ganda lililochakaa uutilie shaka zaidi kuliko wenye madoa kama wako.

Halafu mfuniko ufunguliwe mbele yako. Ndani yake tafuta jina la Omega na namba ya ganda. Juu ya mashine tafuta namba ya aina na namba ya mfululizo. Kwa makadirio, namba za mfululizo zilifika milioni 10 katikati ya miaka ya 1940 na milioni 20 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ganda la miaka ya 1950 likibeba mashine ya 1968, hizo ni saa mbili zilizoozeshwa. Mashine za Omega za miaka hiyo zina rangi ya shaba nyekundu, na sisi watu wa Katanga hatufundishwi rangi ya shaba.

Mikwaruzo ya ganda iache. Tazama pembe zinazoshika mkanda: kama kingo zake bado ni kali, ganda halijaliwa na msasa, na hilo ni jambo adimu. Kila ung'arishaji huondoa chuma, na chuma hakioti.

Saa ya babu ina namba za rangi ya kahawia ambazo zamani ziling'aa gizani, sasa hazing'ai. Nimeambiwa ni sumu. Kweli? (Likasi)

Inawezekana kabisa, na wewe wa Likasi uko jirani na chanzo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanda vingi vilipaka namba na mishale kwa rangi yenye radiamu. Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, ilichimba madini ya uranium Shinkolobwe, na kuanzia 1922 radiamu yake ilitolewa kiwandani Olen, Ubelgiji, ikauzwa dunia nzima. Haishindikani kwamba kilicho mkononi mwako kilitoka huko kwenu kikazunguka Ulaya na kurudi.

Rangi kuacha kung'aa hakuna maana kwamba imekufa. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe inahitaji miaka 1600 ipungue nusu. Kioo kikiwa kizima na saa ikiwa imefungwa, kuitazama na kuivaa mara mojamoja si jambo la kukutoa jasho, ila usilale nayo kando ya mto. Hatari ni vumbi. Usifungue mwenyewe, usikwangue, usipulize, na umwambie fundi mapema, maana wengi wana tabia ya kupulizia uso kwa mdomo. Huko Marekani, wasichana waliokuwa wakipaka nyuso hizi na kuchongoa brashi kwa midomo waliugua mifupa ya taya, na wengine walikufa.

Baadaye ilikuja tritiamu, ambayo ni laini zaidi na hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Nyuso zake huwa na herufi T chini, kandokando ya neno SWISS. Hapo pana mtego mzuri: saa ya 1955 ikiwa na T hiyo, uso wake uliwekwa baadaye. Huenda ni wa kiwanda kabisa, lakini haukuzaliwa pamoja na saa hiyo.

Nimenunua Seiko 5 yenye uso wa rangi ya machungwa, dolari 25, inatembea vizuri. Ni ya kweli? (Kampemba)

Mashine yaelekea ni ya kweli. Uso sina imani nao. India, hasa Mumbai, kuna kazi kubwa ya kuokota Seiko zilizochoka, kuzipaka nyuso rangi za kuvutia na kuziuza upya, nazo zinatapakaa Afrika nzima.

Igeuze. Nyuma kuna namba mbili zenye kistari kati, mfano 6119-8083: nne za kwanza ni mashine, nne za mwisho ni ganda. Kuna namba nyingine ya tarakimu sita: ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi (Oktoba ni O au 0, Novemba N, Desemba D). Ikianza na 25 ni Mei ya 1972 au 1982, na aina ya mashine ndiyo itakayokuambia muongo. Sasa soma herufi ndogondogo chini kabisa ya uso: kwa kawaida huanza na namba ileile ya mashine. Zikikosekana, au zikitaja mashine nyingine, umejibiwa. Kwa dolari 25 ivae tu, usiiuze kama urithi.

Mfuniko umeandikwa «plaqué or 20 microns». Nikaiyeyushe? (Ruashi)

Hapana, Mama. Hiyo ni ngozi ya dhahabu ya unene wa milimita 0.02 juu ya chuma cha kawaida. Dhahabu nzito ya karati 18 ya Uswisi ingekuwa na 750 au kichwa kidogo cha mwanamke, Helvetia. Ngozi hiyo nayo huliwa na msasa haraka.

Kioo na kifundo cha kujazia vimebadilishwa. Saa imeharibika? (Kenya)

La. Kioo, kamani (springi inayoendesha saa), mpira wa kuzuia maji, hata kifundo, ni vitu vya kuchakaa. Kifundo chenye alama ya kampuni ni bora, basi.

Muuzaji wa Kolwezi ana cheti cha kiwanda. Je, kinatosha? (Bel-Air)

Kinasaidia, hakitoshi. Cheti kinasema namba fulani ilitoka kiwandani tarehe fulani. Hakisemi uso na mishale uliyoshika ndivyo vilivyotoka siku hiyo. Novemba 2021, Omega Speedmaster ya 1957 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega wenyewe walitangaza kwamba saa hiyo iliungwaungwa kwa vipande, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Mnunuzi alikuwa nani? Omega hiyohiyo, kwa ajili ya makumbusho yake.

Kwa hiyo cheti ukisome, kisha ufungue mfuniko vilevile. Piga picha za uso, mgongo na mashine kabla saa haijaondoka mkononi mwako. Kwenye karatasi ya fundi aandike: uso usiguswe, mishale isibadilishwe, ganda lisipigwe msasa, mashine isioshwe nzima kwenye esansi bali ivunjwe kipande kwa kipande, na kila kitakachotolewa kirudi ndani ya bahasha. Akikataa lile la bahasha, tafuta fundi mwingine.