Jibu langu kuhusu mtoto wa tatu

Assalamu alaikum, Mama, Shangazi, na ndugu zangu wote wa mtaa wa Oli, Arua, Uganda.

Siku ya pili ya Idi, Shangazi alituma ujumbe wa sauti katika kikundi cha familia. Aliuliza, kwa upole wake, kwa nini mimi na mume wangu tumesimama kwenye watoto wawili ilhali mdogo ametimiza miaka sita, mimi nina miaka 37, na tunaishi Uingereza, nchi ambayo, kwa maneno yake, serikali humlipa mwanamke akizaa. Wengi wenu mlimuunga mkono. Sikujibu siku ile kwa sababu nilikuwa kazini, na siku zilizofuata kila nilipoanza kujibu nilijikuta naandika kwamba tunamwachia Mungu, jambo ambalo lingewaridhisha lakini lisingekuwa kweli. Leo naandika ukweli, kwa kuwa ninyi ni watu wangu na swali lenyewe linaniuma kuliko mnavyodhani.

Nianze na hayo malipo. Posho ya watoto ipo, na katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na pauni 17.25 kwa kila anayefuata. Lakini sisi tulikuja mwaka 2022 kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee, na viza hiyo inatamka wazi kwamba mwenye nayo hana haki ya fedha za umma, yaani posho na ruzuku za serikali. Hatupokei hata peni moja kwa hawa wawili, wala tusingepokea kwa wa tatu. Kile kikomo cha kulipa ruzuku kwa watoto wawili tu mlichosikia redioni, kilichowahusu waliozaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2017 na ambacho serikali ilitangaza Novemba 2025 kuwa itakiondoa Aprili 2026, ni habari ya familia zenye haki ya ruzuku. Kiwekwe, kiondolewe, sisi hatumo. Shangazi atakumbuka kwamba elimu ya msingi ya bure ilipoanza Uganda mwaka 1997, ilikuwa kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, na wenye watoto saba walilazimika kuchagua. Sisi hapa hata kwenye kuchagua hatujafika. Na kwa wale mliosema mtoto akizaliwa huku anakuwa Mwingereza na kutunyanyua sote, sheria hiyo ilibadilika tangu mwaka 1983. Mtoto wa wazazi wasio na ukaazi wa kudumu hupata uraia wa wazazi wake.

Sitaki kuwa mwizi wa fadhila. Kujifungua kungekuwa bila malipo, na mkunga angenifuata nyumbani baada ya kutoka hospitali. Likizo ya uzazi hufika wiki 52, wakati sheria yetu Uganda inatoa siku 60 za kazi. Tofauti ni kwamba siku zetu 60 hulipwa mshahara kamili, ilhali huku wiki sita za kwanza hulipwa asilimia 90, na wiki 33 zinazofuata, kwa viwango vya mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025, hazikuzidi pauni 187.18 kwa wiki. Kodi ya nyumba yetu ya vyumba viwili ni pauni 1,050 kwa mwezi. Pigeni hesabu.

Hata hivyo fedha si jibu langu, kwa kuwa tumewahi kuishi na fedha kidogo kuliko hizi na bado tukazaa kwa furaha. Mama, unakumbuka arobaini ya binti yangu? Ulikuwa unaamka kabla ya adhana kunichemshia maji ya kunikanda, Shangazi akimwogesha mtoto, jirani akileta uji wa mtama, na wanawake wengine wakija kufua bila kuitwa. Kwa muda wa miezi mitatu sikujua uzito wa mwanangu, kwa sababu alikuwa hakai mikononi mwangu ila anaponyonya. Nilidhani hivyo ndivyo mtoto anavyolelewa duniani kote, na kwamba nguvu niliyokuwa nayo ni yangu mwenyewe.

Huku zamu yangu katika nyumba ya wazee huanza saa moja asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Mume wangu anafanya kazi ghalani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Tunapokezana watoto mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akilivaa. Yeye huwapeleka shuleni, hurudi kulala, kisha huamka saa nane na nusu kwenda kuwachukua. Saa hizo tano za usingizi wake ndizo nguzo ya nyumba yetu. Mtoto mchanga akiingia, nguzo hiyo ndiyo ya kwanza kung'oka.

Mtaniambia nimpeleke kwenye kituo cha kulelea watoto. Cha mtaani kwetu hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo nitakuwa nimekwisha kuondoka kabla hakijafunguliwa, na kitafungwa nikiwa bado kazini. Zile saa 30 za bure kwa wiki, ambazo tangu Septemba 2025 wazazi wafanyakazi wa hapa England wanapewa kuanzia mtoto anapokuwa na miezi tisa, zinahitaji angalau mzazi mmoja awe na haki ya fedha za umma, na nimeshaeleza hali yetu. Kulipa wenyewe ni mzigo, kwa kuwa sheria inataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka miwili, na mishahara ya watu hao wote hutoka kwa wazazi. Jirani yangu ni mwanamke mwema kutoka Ghana, lakini hata yeye, nikimlipa anilelee mtoto nyumbani kwake zaidi ya saa mbili kwa siku, atapaswa kusajiliwa kwanza. Binti yangu ana miaka kumi. Katika umri huo mimi nilimbeba mdogo wangu mgongoni nikaenda naye sokoni, na hakuna aliyeshangaa. Huku siwezi kumwachia mtoto mchanga, na kusema kweli sitaki. Nawe Mama, viza ya kutembelea ni miezi sita, halafu urudi. Hawatoi viza ya kuja kuishi ili kulea mjukuu.

Mwaka jana, usiku wa Januari, mdogo alishindwa kupumua vizuri. Baba yake alikuwa kazini. Niliita teksi saa nane za usiku, nikampakata yeye, dada yake nikamvalisha sare ya shule juu ya nguo za kulalia kwa kuwa nilijua hatutarudi kabla ya kengele. Dada mtu alilala juu ya viti viwili hospitalini hadi kukapambazuka. Nilipitia majina yote katika simu yangu nikitafuta mtu wa kumwita aje akae naye, na kila jina ambalo lingekuja mbio lilikuwa Arua. Nilijiuliza, kama ningekuwa na mwingine mgongoni ningefanya nini. Hapo ndipo nilipoamua, ingawa nilikaa na uamuzi huo miezi mingi kabla ya kumwambia mume wangu.

Msidhani nimeiga watu wa huku, ambao kwa takwimu za 2024 za England na Wales hawafikii hata wastani wa mtoto mmoja na nusu kwa kila mwanamke. Mimi ni mtoto wa tano na nilitamani nyumba yenye kelele. Wala msimlaumu mume wangu, wala kusema nimemtawala. Yeye ndiye aliyeshikilia tumaini muda mrefu zaidi, na tuliafikiana usiku mmoja wa Ramadhani baada ya daku, akanyamaza mpaka alfajiri. Ndiyo maana nakuomba, Kaka, ule utani wa mke wa pili unaomtumia uukomeshe. Yeye hausomi kama utani, na mimi pia.

Shangazi, ulisema mtoto wa tatu ndiye hubaki na mzazi uzeeni. Nawaogesha kila siku wazee wenye watoto watano, na wengine wasio na hata mmoja, na siwezi kuwatofautisha kwa idadi ya wageni wao.

Kuna jambo moja la mwisho. Jina la marehemu Bibi nilikuwa nimelihifadhi kwa huyo wa tatu, na Mama alijua, ndiyo sababu hakuna aliyelitumia miaka yote hii. Mke wa mdogo wangu atajifungua mwezi wa nane. Akiwa msichana, mpeni jina hilo, msiningojee. Kanga ya Bibi niliyombebea binti yangu nimeifua na kuikunja, na nitaituma kwa mtu anayesafiri kwenda Entebbe mwezi wa saba.