Mnaoanza kujitolea kwenye kori (drum corps), wageni waleteni paking kwanza

Karibuni mlioingia msimu huu. Mimi nina misimu sita na kori moja hapa Indiana, nilianzia lori la chakula nikahamia upande wa kutafuta mashabiki.

Mgeni ukimwambia drum corps usitegemee aelewe, hata Wamarekani wengi hawajui, wanadhani ni bendi ya shule. Mwambie hivi, ni vijana mpaka 165, wengi hawajafika miaka 22, tarumbeta na ngoma na bendera, filimbi hamna saksofoni hamna, wana shoo moja ya dakika kama 11 au 12 wanazunguka nayo mji kwa mji kiangazi kizima, usiku wanalala chini kwenye jimu za shule, mpaka fainali za Agosti pale Lucas Oil Stadium Indianapolis. Ukikutana na mtu wa pwani mtajie ngoma ya Beni, vile vikundi vya Marini na Arinoti vya enzi za mababu vilivyokuwa vinashindana kwa tarumbeta na gwaride, hapo huna haja ya kuendelea.

Sasa paking. Kabla ya shoo kori zinapasha moto nje kwenye paking au uwanja wa pembeni na mara nyingi mtu yeyote anaweza kusogea akasikiliza. Jirani yangu mmoja, mama wa Kikongo, nilimpa tiketi mara mbili hakuja, masaa matatu ya kitu usichokijua ni mengi jamani. Mwaka uliofuata nikamwambia we pita tu dakika kumi ukitoka kazini. Akaja na mwanae, wakasimama karibu kabisa na wapiga dramu, ule mdundo unaingia kifuani kabla ya masikio, yule mtoto hakutikisika mpaka wakamaliza alafu akauliza kesho wanapiga wapi. Ukiulizwa hilo swali ujue umeshampata, kwa hiyo ratiba iwe mfukoni kila siku, na mtajie kijana mmoja wa kumfuatilia, labda yule mfupi wa tuba, lile tarumbeta kubwa, maana watu wanampenda mtu kwanza kori baadae.

Alama za majaji msianze nazo. Zinaenda mpaka nukta tatu, mgeni anachoka.

Video fupi zinasaidia sana ila muziki una wenyewe, ulizeni ofisi ya kori kabla ya kuposti.

Na majirani wa shule mnayolala, hao wengi wanawasahau kabisa. Mazoezi yanaanza asubuhi mpaka usiku na kelele ni kelele kweli, sisi mwaka mmoja tuliitiwa polisi. Siku hizi jioni tukifika tu tunagonga milango, tunaomba radhi mapema, tunawaambia saa ngapi vijana watapiga shoo nzima kwa mara ya mwisho usiku, njooni na viti vyenu. Wanakuja, wengine na barafu na matikiti kwa ajili ya vijana.