Tengeneza akaunti za dharura kabla ya kuwasha chochote

Ndugu, umeuliza uanze na lipi kwenye barua pepe za kampuni: kuingia mara moja kwa mifumo yote, au uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho mwingine. Anza na hatua mbili, tena iwashe kwenye mfumo unaotunza akaunti za wafanyakazi. Ukishaunganisha barua pepe na mfumo huo kwa SAML, lugha ambayo mifumo hutumia kupashana habari kwamba mtu ameshathibitishwa, kila anayeingia atapelekwa huko kuthibitishwa, na mifumo utakayoongeza baadaye italindwa vilevile.

Lakini kwanza tengeneza akaunti mbili za msimamizi zisizopita njia hiyo. Nakusihi usiruke hapa. Nimeshuhudia cheti cha SAML, faili la kidijitali linalofanya mifumo hiyo iaminiane, kikiisha muda Jumatatu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia akibadilishe. Zipe nywila ndefu na ufunguo wa usalama wa USB, uufungie kabatini.

Wafanyakazi wape programu ya simu inayotoa namba za kuingilia. SMS ni dhaifu, maana tapeli anaweza kuihamisha laini ya mtu. Namba za programu hubadilika kila sekunde 30 kwa kufuata saa ya simu, kwa hiyo mtu akisema zinakataliwa, tazama kwanza saa ya simu yake.

Halafu zima IMAP, POP na SMTP, njia ambazo programu na vifaa hutumia kusoma na kutuma barua pepe, pale zinapokubali nywila peke yake. Mlango huo ukibaki wazi, mwizi hataulizwa hatua ya pili kabisa. Printa inayotuma skani kwa barua pepe huenda ikagoma, itafutie njia mapema.

Jaribu na watu watano wiki nzima kabla ya kuwaingiza wengine.